Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Hitilafu za Suspensheni ya Haidroliki katika Magari ya Zamani ya Citroën

Ukurasa huu unahusu magari gani?

Unahusu magari ya Citroën yanayobebwa na mafuta na gesi badala ya springi za chuma. Mfumo huu uliwekwa kwanza kwenye magurudumu ya nyuma ya Traction Avant 15-6 H mwaka 1954, na mwaka uliofuata ukaenea gari zima katika DS iliyozinduliwa Paris. Mhandisi aliyeufikiria, Paul Magès, aliendelea kuuboresha kwa miaka mingi, na vizazi vyake vikaingia katika SM, GS, CX, BX, XM na Xantia. Maelezo yaliyomo humu yanalenga zaidi magari yanayotumia mafuta ya kijani ya LHM, kwa kuwa ndiyo mengi yaliyobaki barabarani. C5 na C6 hutumia mafuta mengine na pampu ya umeme, kwa hiyo baadhi ya majibu hayazihusu.

Mfumo wa Hydrolastic na Hydragas wa magari ya Kiingereza ni kitu kingine kabisa, kwani hauna pampu.

Gari langu lina hitilafu nisiyoielewa. Nianzie wapi?

Anza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wenye magari haya, na mafundi wasioyazoea, huyachanganya kila siku: kimo cha gari ni kazi ya mafuta, na ulaini wa gari ni kazi ya gesi. Juu ya kila gurudumu kuna tufe la chuma lililogawanywa ndani na kiwambo cha mpira; upande mmoja wa kiwambo kuna gesi ya naitrojeni, na upande wa pili kuna mafuta yanayosukumwa na pistoni iliyounganishwa na gurudumu. Gurudumu likipanda tuta, mafuta huikandamiza gesi, nayo gesi hujibu kama springi. Kitundu chenye vali ndogo kwenye shingo ya tufe hupunguza mwendo wa mafuta, na hiyo ndiyo shokapu ya gari hili. Pampu, tangi, mabomba na virekebisha kimo vina jukumu tofauti, yaani kuongeza au kupunguza mafuta ili gari lisimame kwenye kimo kilekile, liwe tupu au limejaa abiria.

Basi jiulize kama gari limekuwa gumu ilhali linasimama sawasawa, au lina ulaini wake wa kawaida lakini halipandi, linashuka upesi au limeinama upande. La kwanza hukupeleka kwenye matufe. La pili hukupeleka kwenye mafuta na njia zake. Nimeona gari lililobadilishiwa pampu mbili mfululizo ilhali lalamiko la mwenyewe lilikuwa kwamba linarusharusha abiria. Pampu haiwezi kulifanya gari kuwa gumu, na aliyeuliza swali hili mwanzoni angeokoa pampu zote mbili.

Gari limekuwa gumu, kila shimo linagonga. Je, ni lazima matufe?

Karibu kila mara ndiyo. Naitrojeni hupenya kiwambo polepole hata gari likiwa limeegeshwa, na kwa matufe ya aina ya zamani miaka mitano hivi ni umri ambao ni busara kuanza kuyachunguza, hata kama gari halijatembea sana. Kwa kuwa gesi hupungua kidogo kidogo, dereva huzoea ugumu bila kuutambua, na ndiyo maana mtu huapa kwamba gari lake liko sawa mpaka siku anapokaa katika lingine lenye matufe mapya.

Kuyapima si kazi ngumu. Washa injini, weka wenzo wa kimo katika nafasi ya kawaida, subiri gari litulie, kisha bonyeza kila kona kwa uzito wako wote. Kona yenye gesi ya kutosha hushuka bila ubishi na kurudi kwa utulivu, lakini kona isiyo na gesi hukataa kama umebonyeza ukuta. Linganisha kushoto na kulia kwa ekseli moja, kwa sababu mbele na nyuma hazikutengenezwa kuwa sawa. Kiwambo kikipasuka, tufe lote hujaa mafuta, na hapo gurudumu hilo halina springi yoyote isipokuwa tairi lenyewe. Usiendelee kuliendesha katika hali hiyo, maana kila kishindo kinaingia moja kwa moja kwenye mabomba na kwenye bodi.

Je, matufe yanaweza kujazwa gesi upya?

Yanaweza, ikiwa kiwambo bado ni kizima na tufe lina kizibo cha kujazia, au limewekewa vali baadaye na mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo. Gesi ni naitrojeni peke yake. Hewa ya kompresa haifai, na oksijeni ikikutana na mafuta chini ya presha hulipuka. Tufe ambalo gesi yake imekwisha kabisa kwa muda mrefu mara nyingi kiwambo chake kimeshaharibika, na kulijaza ni kuahirisha ununuzi wa jipya kwa miezi michache.

Naweza kufunga tufe la modeli nyingine?

Hapa pana mtego. Uzi wa skrubu ni uleule kwa matufe mengi, kwa hiyo tufe la CX litaingia vizuri tu mahali pa tufe la BX, na fundi ataona kazi imekamilika. Lakini presha ya gesi, ujazo na kitundu cha shingoni vimepangwa kwa uzito wa gari fulani na ekseli fulani. Tufe lisilo lake huweza kulifanya gari liyumbe kama mashua au ligonge kama mkokoteni, na makosa hayo hayaonekani kwa macho. Soma namba iliyo juu ya tufe na uilinganishe na jedwali la modeli yako, na usikubali jibu la "yote ni sawa".

Kuna mlio wa "tik" chini ya boneti kila baada ya muda. Je, ni ugonjwa?

Mlio wenyewe ni afya. Muda kati ya mlio na mlio ndio wenye habari. Pampu inazunguka wakati wote injini inapowaka, na kidhibiti presha ndicho kinachoamua mafuta yaende wapi. Presha ikifika bar 170 hivi, kidhibiti huyarudisha mafuta tangini na kuiacha pampu ipumzike; ikishuka hadi bar 145 hivi, huyaelekeza tena kwenye mfumo, na hapo ndipo unaposikia mlio. Tairi la gari dogo hubeba bar 2 na kidogo, kwa hiyo fikiria mafuta haya yana nguvu gani.

Kati ya pampu na mahitaji ya gari kuna tufe la akiba, yaani akyumuleta, ambalo katika modeli nyingi huwa na gesi ya bar 62 likiwa jipya. Hilo ndilo linalohifadhi presha ili pampu isihangaike. Injini ikiunguruma gari limesimama, bila kugusa breki wala usukani, hesabu sekunde. Sekunde 30 au zaidi ni sawa, na gari zima kabisa huweza kukaa dakika nzima na kupita. Chini ya sekunde 10 kuna jambo, na mlio wa kila sekunde moja au mbili ni kilio cha akyumuleta iliyokufa. Badilisha akyumuleta kwanza, kwa sababu ni sehemu rahisi kuliko nyingine zote zinazoshukiwa. Ikiwa mlio bado ni wa haraka baada ya hapo, mafuta yanapita mahali fulani ndani ya mfumo na kurudi tangini, labda kwenye kirekebisha kimo kilicholika, vali ya breki au usukani wa nguvu. Chomoa mabomba ya kurudishia moja baada ya jingine, kila moja ulielekeze kwenye chupa, uone ni lipi linalotoa mafuta mengi kuliko wenzake. Njia hii huchukua muda mrefu, lakini haikisii.

Asubuhi gari linachelewa kuinuka, au haliinuki kabisa.

Tazama kiwango cha mafuta kwanza, kisha mkanda unaozungusha pampu, kisha chujio lililo ndani ya tangi. Machujio husahaulika kwa sababu hayaonekani mpaka kiini cha tangi kitolewe. Yanaoshwa kwa petroli, yanapulizwa kwa hewa na kurudishwa yakiwa makavu. Baada ya hapo shuku mpira mnene unaotoka tangini kwenda kwenye pampu. Mpira huo ukipasuka hauvujishi mafuta nje, unavuta hewa ndani, na dalili yake ni mafuta yenye povu tangini na pampu inayolia. Mara nyingi kuubana vizuri au kuubadilisha humaliza tatizo ambalo mtu alikuwa ameanza kuliita "pampu imekufa".

Kama mbele kunainuka vizuri na nyuma hakuinuki, au kinyume chake, pampu haina hatia. Nenda kwenye kirekebisha kimo cha upande huo.

Gari linashuka likiegeshwa. Linapaswa kushuka?

Modeli za zamani hushuka zenyewe kwa saa kadhaa na kuamka tena injini ikiwashwa; hiyo ni tabia yao, na hakuna haja ya kuipigania. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, XM na Xantia zilianza kuwekewa vali za kuzuia kushuka, na gari lenye vali hizo linapaswa kubaki juu kwa muda mrefu zaidi. Linaloshuka ndani ya dakika chache, liwe la aina yoyote, lina mahali panapopitisha mafuta kwa wingi, na hapo kipimo cha chupa nilichokieleza hutumika tena.

Linasimama juu sana nyuma, na halitaki kushuka.

Kirekebisha kimo ni vali ndogo inayosukumwa na kifito kilichounganishwa na stebilaiza, yaani fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likipakiwa na kushuka, stebilaiza husukuma kifito, vali hufunguka, mafuta huingia na gari hurudi juu. Likipakuliwa, kinyume chake hutokea. Vifito na viungo vyake vya nyuma huishi katika matope na maji, kwa hiyo hushika kutu na kukwama, na gari hubaki katika kimo cha mara ya mwisho au hupanda mpaka kikomo. Kiungo kilichoganda husafishwa kwa brashi ya waya, hulainishwa kwa grisi na kuzungushwa kwa mkono mpaka kiende bila kushikwa. Usikimbilie kulegeza kibano cha kurekebisha kimo kabla ya kuhakikisha viungo viko huru, kwa sababu utakuwa umepanga kimo kwa kufuata kosa, na siku kiungo kitakapoachia, gari litasimama vibaya kwa namna mpya.

Mafuta gani yatumike, na kuna madhara gani nikikosea?

Hili ndilo swali ambalo kosa lake huwa ghali kuliko mengine yote. DS za mwanzo zilitumia mafuta mekundu ya LHS. Kuanzia modeli za mwaka 1967 Citroën ilihamia kwenye LHM, mafuta ya madini yenye rangi ya kijani, ingawa magari yaliyouzwa Marekani yaliendelea na mekundu hadi 1969. Sili za mfumo mmoja haziwezi kuishi ndani ya mafuta ya mfumo mwingine: huvimba au kuyeyuka, na ukarabati wake ni kufungua karibu kila kitu. Sehemu za mfumo wa LHM zilipakwa rangi ya kijani kiwandani ili mtu asikosee, kwa hiyo tazama rangi ya sehemu zenyewe, usitazame tu rangi ya mafuta yaliyomo, ambayo pengine yalimiminwa na mtu asiyejua.

Mafuta ya kawaida ya breki, yale ya DOT, ni sumu kwa mfumo wa LHM hata kwa kiasi kidogo. Yakimiminwa kwa bahati mbaya, usiwashe injini. Toa yote na usafishe tangi kabla hayajasafiri.

Kiwango hupimwa vipi, na mafuta hubadilishwa lini?

Kiwango hupimwa injini ikiwaka na gari likiwa katika nafasi ya juu kabisa, kwa kuwa hapo ndipo mafuta mengi yanakuwa nje ya tangi. Anayejaza gari likiwa limelala chini ataweka pungufu. Ratiba za magari mengi ya LHM hutaja kilomita 60,000 kwa mabadiliko, lakini gari linalotembea kidogo huhukumiwa kwa rangi: mafuta mazima ni ya kijani king'avu, na yaliyochoka huwa ya kahawia au meusi. Machujio yaoshwe siku hiyohiyo.

Naona tone la kijani chini ya gari. Nitajuaje linatoka wapi?

Uvujaji mwingi hautoki kwenye mabomba ya presha kubwa, bali kwenye mipira laini ya kurudishia, ambayo hukauka na kupasuka kwa uzee. Hiyo ni sehemu isiyo na presha ya kutisha, na kuibadilisha ni suala la subira. Mabomba ya chuma nayo hushika kutu, hasa yale yanayopita chini ya gari kuelekea nyuma, na kutu inayoonekana kama vumbi juu ya rangi inaweza kuwa imeshakula nusu ya unene.

Usipapase kwa mkono kutafuta tundu mfumo ukiwa na presha. Mchirizi mwembamba usioonekana unaweza kupenya ngozi na kuingiza mafuta ndani ya mwili, na kidonda chake huonekana kama kitobo cha sindano tu, ilhali ni dharura ya upasuaji. Pitisha kipande cha kadibodi badala ya kidole. Mtu akichomwa, apelekwe hospitali hapohapo na daktari aelezwe wazi kwamba ni mafuta yenye presha kubwa, hata kama hakuna maumivu.

Nimebadilisha matufe yote na gari bado ni gumu.

Kama ni XM au Xantia yenye mfumo wa Hydractive, kuna tufe la ziada kwa kila ekseli na vali ya umeme inayoliingiza au kulitenga kulingana na mwendo. Vali hiyo, nyaya zake au kompyuta yake ikishindwa, mfumo huchagua hali ya ugumu na kubaki humo. Fungua mlango injini ikiwa imezimwa: kompyuta huamka kwa muda mfupi, na vali nzima husikika ikigonga. Kimya hukuelekeza kwenye umeme. Hakikisha pia kwamba hayo matufe ya ziada yalibadilishwa, kwa sababu yamejificha na mafundi wengi huyaruka.

Katika GS, BX na Xantia kuna mshukiwa mwingine, nao ni beringi za mikono ya nyuma. Zikiingia maji na kulika, mkono hauzunguki kwa urahisi, gari hulia kama bawaba ya mlango na kukataa kushuka. Tazama magurudumu ya nyuma kutoka mbali. Yakiwa yameelemea ndani kwa juu, beringi zimekwisha, na hakuna tufe litakalosaidia.

Kwa nini taa nyekundu ya presha inahusiana na breki?

Kwa sababu breki na suspensheni hunywa kisima kimoja. Katika modeli nyingi za LHM, breki za nyuma hupata presha kutoka kwenye suspensheni ya nyuma, jambo ambalo kwa hakika lina akili, maana nyuma kukiwa na mzigo presha hupanda na breki huongezeka nguvu zenyewe. Lakini maana yake ni kwamba gari lililolala chini kabisa lina breki hafifu nyuma, kwa hiyo usiliendeshe katika nafasi hiyo hata kwa mita chache za barabarani. Subiri taa izimike kabla ya kuondoka. Ikiwaka ukiwa njiani, simama mara moja penye usalama. Vali ya kipaumbele huzilinda breki za mbele kwa muda, lakini idadi ya mara utakazokanyaga ina kikomo.

Naweza kubadilisha tufe mwenyewe?

Unaweza, ukiwa na spana ya mnyororo na nidhamu. Gari liwe juu ya stendi imara za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na nafasi ya juu ya gari haihesabiki kabisa, kwani likipoteza presha hushuka na aliyeko chini hana pa kukimbilia. Zima injini, weka wenzo chini, kisha legeza skrubu ya kutolea presha kwenye kidhibiti polepole mpaka usikie mafuta yakirudi tangini. Magari yenye vali za kuzuia kushuka huweza kubakiza presha nyuma hata baada ya hapo, hivyo fuata utaratibu wa kitabu cha modeli yako. Weka mviringo mpya wa mpira uliopakwa LHM, na kaza tufe jipya kwa mkono tu. Anayelikaza kwa spana atalijutia siku ya kulifungua.

Tufe la zamani lisikatwe, lisitobolewe wala kuchomwa moto likiwa bado na gesi.

Si bora niweke springi za chuma na kuachana na usumbufu huu?

Sishauri. Ukiondoa presha ya suspensheni unakuwa umegusa breki, na katika modeli kadhaa usukani pia, kwa hiyo unabaki na pampu, mabomba na uvujaji uleule, lakini bila ule utulivu wa safari ambao ndio sababu pekee ya kulimiliki gari hili.

Gari limelala miaka mingi. Niliamshe vipi?

Badilisha mafuta kwanza na uoshe machujio, kisha kagua mipira yote kwa kuikunja. Jaza mpira wa kuelekea kwenye pampu kwa LHM ili pampu isizunguke kavu. Legeza skrubu ya kidhibiti, washa injini na uiache iungurume mpaka povu liishe tangini, ndipo ukaze skrubu na usubiri taa izimike. Gari likishainuka, lipandishe na kulishusha kwa wenzo mara tano au sita, ukilipa muda wa kufika kila mwisho, ili hewa iliyonasa kwenye silinda irudi tangini. Mwishoni pima tena kiwango likiwa juu, na uliache likiunguruma hapo juu ya sakafu kavu kwa dakika kumi kabla ya kulitoa, kwa sababu bomba lililooza hupasuka mara nyingi katika dakika hizo.